Kiganja Chini ya Nailoni

Nimetukanwa wiki nzima. Msomaji mmoja kanipigia simu kuniambia kwamba mwandishi anayemwacha mama wa watu mbele ya lori mpaka gazeti lijalo hana utu. Mwingine kaniuliza kama nalipwa kwa kila anayezimia. Poleni sana. Turudi barabarani basi, maana lori bado linakuja.

Asali ndiye aliyeshika usukani. Yeye ni muuzaji hodari wa yadi ya magari, na jina hilo kalipata kwa utamu wa maneno yake. Asubuhi ile alikuwa ameapa kumwonyesha wifi yake, mkunga, kwamba gari lile la njano alilomuuzia halina ubovu wowote. Ubovu, alisema, uko kwenye miguu ya anayeliendesha. Mkunga alikaa pembeni yake, mdomo kaufunga. Nyuma alikaa Mama, mzazi wa Asali, aliyekuja tu kuamua ugomvi.

Na katikati ya mzunguko wa barabara, injini ikazima.

"Washa!" mkunga alipiga kelele.

"Nawasha!"

"Sasa mbona haliwaki?"

"Nawasha, wifi, nawasha!"

Ufunguo ulizunguka bure. Usukani ulikuwa mgumu, haugeuki huku wala kule. Honi ya lori ilijaa ndani ya gari. Mama alisali kwa sauti, akamwita Asali kwa jina lake la utotoni ambalo hakuna anayelitumia tena.

Kikasikika kishindo. Kioo cha dirisha la nyuma kikamwagika chote ndani.

Halafu kimya. Lori lilikuwa limesimama, bampa lake limeegemea ubavu wa gari la njano, na matairi yake yakitoa moshi.

Hapa naomba ushike jambo moja, msomaji. Lori lile lilianza kufunga breki mapema. Asali aliliona likipiga breki kwa nguvu zote wakati injini yake mwenyewe bado inanguruma, kabla gari halijazima. Hakulielewa, na hakupata nafasi ya kulifikiria, kwa sababu Mama alikuwa analia.

"Mkono wangu! Mkono wangu jamani!"

Mkunga alikuwa ameshashuka, kazunguka, kafungua mlango.

"Mama, niangalie mimi. Usiuangalie mkono. Chezesha vidole. Vyote. Ee, hivyo hivyo." Alivua mtandio wake, akaufunga ule mkono na kuuning'iniza shingoni kwa mama mkwe wake. "Umevunjika kwenye kifundo, lakini utapona. Wifi!"

Asali bado alikuwa amekamata usukani.

"Wifi, weka hendibreki," mkunga alimwambia, bila ubaya.

Ule upole ndio uliomchoma. Angetukanwa angejibu.

Dereva wa lori alishuka, kofia mkononi. Ni mtu mrefu, mkimya. Hakufoka wala kuuliza leseni. Alizunguka mpaka upande wa pili, akainama kwenye mlango wa nyuma ambao haukuguswa, akapitisha vidole pale ambapo njano ilikuwa imepauka kidogo kuliko kwingine.

"Mmelinunua wapi hili gari?"

"Hayakuhusu," Asali alisema. "Utugonge, halafu uanze kutuhoji?"

"Nauliza tu, dada."

"Tumelinunua kwenye yadi anakofanya kazi huyu huyu anayekufokea," mkunga alijibu. "Linazima njiani. Nimelirudisha gereji kwao mpaka nimechoka, wananirudishia na kuniambia limepona, na kesho yake linazima tena. Kesho asubuhi tuna shauri kwenye Baraza la Wanunuzi. Ukiweza kuja useme ulichokiona leo, utakuwa umenisaidia."

Dereva alimtazama Asali kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Nitakuja," alisema, akarudi kwenye lori lake.

Wakamshusha Mama taratibu. Alipoinuka, nailoni ya kiti ikaja naye.

Sasa nailoni hii, wenye magari mnaielewa. Ni ile inayokuja na gari kutoka dukani. Mkunga hakuwahi kuitoa. Nailoni ikiondoka gari limeshakuwa kuukuu, ndivyo alivyosema, na hata siku za joto kali, ambapo Mama alishuka garini akijibandua mapaja na kulalamika, aliiacha pale pale. Siku moja tu alitaka kuitoa. Asali akamwambia, "Usiitoe, wifi. Inalinda kiti."

Kioo kilikuwa kimeipasua kutoka pembe hadi pembe.

"Na hii nini?" Mama aliuliza.

Kwenye kitambaa cha kijivu, pale pale alipokuwa amekaa, palikuwa na alama ya wino wa bluu. Vidole vitano vimetanuka. Kilikuwa kiganja cha mtoto, kidogo, kingeweza kuenea kwenye kisahani cha chai.

"Mtoto wa nani huyu?"

Nyumba ya mkunga haina mtoto. Ameolewa na kaka yake Asali miaka mingi sasa. Amepokea watoto wa mtaa mzima kwa mikono yake miwili, kawafuta, kawakabidhi kwa mama zao, na wa kwake hajapata. Ni jambo ambalo hapo nyumbani halizungumzwi, hata Mama halizungumzi, ingawa macho yake huwa yanalizungumza.

Mkunga aliinama. Akagusa pindo la nailoni lililobaki kitini. Lilikuwa limegandishwa kwa gundi ngumu ya rangi ya chai.

"Gundi ya mbao," alisema polepole.

Mumewe ni seremala.

"Jumapili moja alilichukua gari kupeleka meza kwa mteja. Aliporudi, akaniambia amebandika nailoni kwa sababu ilikuwa inamkwaruza Mama." Aliinua macho. "Kumbe alikuwa anaficha."

"Anaficha nini?" Mama aliuliza.

"Wifi," mkunga akasema, "wewe kaka yako unamjua kuliko mimi. Ana mtoto nje?"

Sema, Asali. Sema sasa, mbele ya mama yako, kabla hujaulizwa mara ya pili. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno.

"Labda," Asali alisema, "labda ni mtoto wa mteja wake."

Eti labda! Mimi ninayemwandika nilitaka kutupa kalamu.

Kwa sababu Asali alikijua kile kiganja. Alikijua tangu gari lile lilipoingizwa yadi kwa geti la nyuma, limerudishwa na mnunuzi wa kwanza ambaye yeye hakumwona. Alikisugua kwa sabuni, kwa spiriti, mpaka kwa dawa ya meno. Hakikutoka. Bosi wake, ambaye wafanyakazi humwita Manukato kwa kuwa harufu yake hufika kabla yake, alisimama nyuma akamwambia, "Funika. Nailoni mpya, namba mpya, gari jipya." Naye Asali akaifunga nailoni, akabana pembe zake kwa dole gumba.

Kisha wifi yake akaja kutafuta gari. Mkunga alikuwa amechoka kuomba usafiri kila mwanamke anaposhikwa na uchungu. Gereji walikuwa wamesema la njano limepona. Mwezi ule Asali hakuwa ameuza kitu, na picha yake ya muuzaji bora ilikuwa karibu kuteremshwa ukutani. Akachagua kuamini gereji.

Ndiyo hivyo. Wengi wetu tumeshaamini kitu kwa sababu kilitufaa.

Hospitalini, Mama aliwekwa plasta. Kaka alifika mbio kutoka karakana, vumbi la mbao limejaa kwenye nyusi. Alimkuta mkewe amesimama ukutani, kwenye korido.

"Ana umri gani?" mkunga alimuuliza.

"Nani, Mama? Si unajua amepita sabini. Kwani mapokezi hawakuandika?"

"Mwanao."

Kaka alicheka. Alicheka kweli, kicheko cha mtu anayengoja wengine nao wacheke. Walipokaa kimya, akaacha.

"Mwanangu yupi?"

"Mwenye kiganja. Kiko kwenye kiti cha nyuma, chini ya nailoni uliyobandika wewe kwa gundi yako."

"Mke wangu, nilibandika pindo. Pindo tu! Ndani sikuangalia, nitaangalia nini ndani?"

"Ulikuwa nalo mchana kutwa."

"Nilipeleka meza! Nikawafungia na miguu yake, nikarudi." Alimgeukia dada yake, na uso wake ukapata nuru kidogo, kama mtu aliyemwona shahidi wake anaingia. "Mdogo wangu. Wewe ndiye uliyeuza gari hili. Hilo doa si lilikuwapo tangu huko kwenu?"

Asali alitazama sakafu.

"Gari lilikuwa jipya, Kaka."

Alilisema kwa sauti yake ya kazini, ile tamu. Kaka aliendelea kumtazama, na Asali alijua kwamba amemuumiza mtu aliyembeba mgongoni kwenda shule.

Mlango wa wodi ulikuwa wazi. Sauti ya Mama ikawafikia, dhaifu kwa dawa.

"Kama nina mjukuu, mleteni nimwone. Sitamuuliza mtu kitu. Nimwone tu."

Mkunga alisikia. Alichukua mkoba wake, akautia begani, akaondoka kwa mwendo wa kawaida kabisa.

Asali alitoka hadi uwanjani, akampigia bosi wake. Alimweleza yote: lori, mkono wa Mama, kiganja, ndoa ya kaka yake.

"Bosi, nakuomba. Tulichukue hili gari, tumpe wifi jingine. Shauri liishe leo, kesho tusiende kule."

Manukato alicheka taratibu.

"Wewe hujaona ulichoniletea? Tulikuwa tunashindwa. Sasa tumepona. Wamebandua nailoni, wakabandika kwa gundi ya mbao, na watoto wasiojulikana wamepanda humo. Nani anajua wamechokonoa nini kingine? Kesho kazi yako ni moja. Kaa, nyamaza."

"Lakini wewe unajua kile kiganja..."

"Tunajua," alisema Manukato. "Mimi na wewe. Na aliyekifunika si mimi."

Akakata simu.

Asubuhi, chumba cha Baraza kilikuwa kimejaa. Ni chumba cha kawaida, feni moja inayolia, mabenchi ya mbao, meza ndefu yenye jagi la maji ambayo hakuna anayethubutu kuyanywa. Gari la njano lilikuwa limevutwa hadi pale na kuegeshwa nje, karibu na mlango, ili likaguliwe. Mlango uliachwa wazi kwa ajili ya joto.

Mwenyekiti ni mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Hana haraka, na hapendi anayeongea kwa kupandisha sauti.

"Sheria nitaisema kwa lugha ya nyumbani," alianza. "Ukinunua gari jipya likawa na kasoro ya kuhatarisha maisha, muuzaji anapewa nafasi ya kulitengeneza. Kasoro ile ile ikirudi, na ikirudi tena, nafasi yake imekwisha. Mnunuzi halazimiki kupeleka gari gereji mpaka azeeke. Atadai gari jingine, au arudishiwe alicholipa. Lakini muuzaji akithibitisha kwamba ubovu kauleta mnunuzi mwenyewe, madai yanaanguka. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," Manukato alisema, akanyanyuka, na harufu ikanyanyuka naye. "Mheshimiwa, gari letu ni zima. Huyu mama hajui kuendesha. Anazima gari halafu analilaumu."

"Jana aliyeendesha hakuwa mimi," mkunga alisema. "Alikuwa mfanyakazi wako. Yule pale. Kalizima katikati ya mzunguko, mama mkwe wangu kavunjika mkono."

Watu waliangua kicheko. Hata Mwenyekiti alishusha macho kwenye meza yake ili wasimwone. Asali, aliyekaa nyuma ya bosi wake, alihisi masikio yanawaka.

Lakini Manukato hakuyumba. Alingoja kicheko kiishe.

"Sawa. Liliharibika. Swali ni nani aliyeliharibu. Mheshimiwa, tukitoka hapo nje utaona nailoni imebanduliwa na kubandikwa upya kwa gundi ya mbao. Chini yake kuna kiganja cha mtoto. Sisi hatuuzi magari yenye viganja. Mwenye gari hana mtoto, kila mtu anajua." Alitua, akaachia maneno yafanye kazi. "Basi amwulize mumewe ni mtoto gani, na ni nani wengine huko nje wanaoendesha gari hili asipokuwapo."

Kaka alikuwa benchi la pembeni. Aliinuka nusu, akakaa. Mama alikuwa kando yake, mkono kwenye plasta, kichwa kakiinamisha.

Mkunga alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kuwasimulia habari zake, sauti yake ilitetemeka.

"Mwenyekiti, naondoa malalamiko yangu."

"Fikiri kwanza, mama."

"Nimefikiri. Sitaki kusikia zaidi. Si hapa, mbele za watu."

"Ukiondoa leo, kwa kasoro hii hutaruhusiwa kurudi tena. Gari litakuwa lako na ubovu wake. Bado utaliendesha?"

"Wanawake wanazaa kila siku," mkunga alisema. "Nitaliendesha."

Asali alimwona. Alimwona wifi yake ndani ya gari la njano, anakimbilia kwa mwanamke fulani anayemngoja, injini inazima, na safari hii dereva wa lori hajapiga breki mapema. Wale wanaosema muuzaji hana moyo hawakumwona Asali saa ile. Alishika ukingo wa benchi, akasimama.

"Kaka hana mtoto."

"Kaa chini," Manukato alinong'ona.

"Kaka hana mtoto nje!" Sasa alikuwa anapiga kelele. "Kile kiganja kilikuwapo kabla wifi hajalinunua. Kilikuja nalo."

Mwenyekiti alivua miwani.

"Binti, ngoja. Kuuza gari lililorudishwa kwa ubovu bila kumwambia mnunuzi ni kosa, na si la yadi peke yake. Unalotaka kusema linaweza kukurudia wewe mwenyewe. Huna lazima ya kuendelea."

"Naendelea."

"Umefukuzwa kazi," Manukato alisema, kwa sauti ya kawaida.

"Sawa. Gari lile si jipya, Mwenyekiti. Liliuzwa, likarudishwa, likaingizwa kwa geti la nyuma. Mimi ndiye niliyeliosha. Kiganja nilikisugua kikakataa kutoka, nikakifunika kwa nailoni mpya. Bosi ndiye aliyeniambia, lakini mikono ilikuwa yangu. Nikamuuzia wifi yangu." Alimgeukia mkunga. "Ulikuja kwangu kwa sababu mimi ni ndugu. Ulisema wengine watakudanganya."

Mkunga hakumtazama. Alikuwa anamtazama mumewe, na midomo yake ilikuwa inatafuta neno la kumwambia. Kaka alifunika uso kwa viganja vyake vya useremala, mabega yakitikisika.

"Na jana hospitalini Kaka aliniuliza," Asali akamalizia. "Akaniuliza kwa heshima kabisa. Nikamwambia gari lilikuwa jipya."

Mama ndiye aliyejibu. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu, mimi usiku kucha nimemwombea mjukuu ambaye hayupo."

Asali angependa kuzabwa kofi kuliko kusikia hilo.

Mwenyekiti alirudisha miwani.

"Liliporudishwa mara ya kwanza, lilikuwa na kasoro gani?"

"Lilikuwa linazima njiani."

"Kasoro hii hii?"

"Hii hii."

"Na huyo mtoto mwenye kiganja? Alikuwamo ndani lilipozima?"

"Sijui."

"Hukuuliza?"

Asali alikuwa amekisugua kile kiganja nusu ya siku. Alijua upana wake, alijua kidole kipi kina wino mwingi. Mwenye nacho hakuwahi kumfikiria hata mara moja.

"Sikuuliza," alisema.

"Hilo nitalijibu mimi."

Vichwa viligeuka. Ni dereva wa lori, benchi la mwisho, kofia mkononi. Manukato alimwona, akageuzia macho dirishani.

"Gari hilo lilikuwa langu," dereva alisema. "Nililinunua kwa ajili ya mke wangu na binti yetu. Rangi aliichagua binti. Lilipotufanyia lililotufanyia, nilimrudishia huyu bwana. Akaniahidi litapondwa liwe chuma chakavu, mradi nisiseme neno kwa mtu. Nikakubali. Nilitaka tu lisiwepo tena duniani. Jana nimeliona linaingia kwenye mzunguko, na watu ndani. Nilikanyaga breki kabla halijazima, kwa sababu nalijua."

"Lilikufanyieni nini?" Mwenyekiti aliuliza.

"Lilizima katikati ya barabara. Mke wangu anawasha, haliwaki, kama jana. Magari yanakuja nyuma. Mtoto naye akataka kusaidia. Akatoa mkono dirishani, awapungie wasitugonge." Aliikunja kofia mkononi. "Basi moja la abiria likapita karibu mno. Mlango walipaka rangi upya. Hawakuipatia sawasawa."

"Mwenyekiti, kabla gari halijaondoka hapo nje, naomba mtukatie kile kitambaa cha kiti. Ni kiganja cha kulia. Kalamu ilimvujia siku ile ile, asubuhi, mama yake akamgombeza. Nyumbani hatuna kingine."

Asali alisikia mtu analia kwa sauti, akachelewa kutambua kwamba ni yeye.

"Na mwenyewe nimekuja naye," dereva alisema. "Tulikuwa tumekuja kuliaga gari."

Mlango ulikuwa wazi tangu asubuhi. Pale kizingitini alisimama msichana mdogo aliyevaa sare ya shule, mkono wa kulia wa shati umekunjwa na kufungwa kwa pini. Ni dhahiri alikuwa amesimama hapo muda mrefu. Mama yake alijaribu kumshika bega, akaponyoka.

Alipita katikati ya mabenchi. Alimpita mkunga, akampita Manukato aliyekuwa anatazama dirishani, akaenda hadi kwa Asali.

"Ni wewe uliyekifunika?" aliuliza.

Asali alitikisa kichwa kukubali.

"Kwa nini?"

Asali, mwenye neno kwa kila mteja, alimtazama yule mtoto. Na mtoto akasimama pale pale mbele yake, akangoja jibu.